Karani Hamezi

Mdogo wangu hajawahi kugombana na mtu, na hiyo ndiyo sababu mara nyingi mkono unaniwasha nimzabe kofi. Ni fundi viatu. Ana kibanda mbele ya nyumba yetu, mabati matatu na benchi moja, na kuanzia asubuhi hadi jioni anakaa pale na kiatu cha mtu kati ya magoti. Mteja akija kulalamika kwamba soli imeachia tena, yeye anasema, "Lete nikiangalie," hata kama kila mwenye macho anaona kwamba kiatu cha ofisini kimepelekwa kucheza mpira. Anakishona upya na radhi anaomba yeye. Mkewe alimwacha zamani, akasema kuishi naye ni sawa na kugombana na ukuta. Wakati ule nilimsema vibaya sana yule mwanamke. Siku hizi namwelewa.

Mimi upole sina na sijawahi kuutafuta. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na mmoja, mingi katika wodi ya wanaume, na mtaa mzima bado unaniita Sista. Nilipostaafu, wodi niliihamishia nyumbani. Mama yetu alikuwa na presha, na dawa zake zilikuwa mara mbili kwa siku, kidonge cha asubuhi na kidonge cha jioni. Nikachora chati nikaibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni, na kila aliyempa Mama dawa aliweka saini yake pale. Asubuhi ilikuwa zamu yangu. Jioni, mgongo wangu ukishakataa, ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Sikutaka kusikia maneno ya "nadhani nimempa". Nilitaka saini.

Mama alifariki kwa kiharusi, akiwa anafunga vifungo vya gauni lake. Siku ya tatu baada ya mazishi niliingia chumbani kwake kutoa mashuka. Nilipoinua mto na kuuvuta kwenye foronya, vidonge vikaanza kuanguka sakafuni. Cheupe, kingine cheupe, kingine cheupe. Vyeupe vilikuwa vya jioni. Nilikwenda jikoni nikaitazama chati. Kila jioni ilikuwa na saini ya mdogo wangu, ule mwandiko wake wa polepole kama wa mtoto wa shule.

Nilimwita. Alikuja na gundi imemganda vidoleni.

"Hivi ni nini?"

Aliangalia chini. "Nilimpa, dada. Kila siku nilimpa."

"Ulimpa nani, foronya?"

Akaanza kukwangua gundi kidoleni. Damu yangu ilichemka mpaka masikio yakaziba. Nilimjua huyu mtu tangu anajifunza kutambaa. Nilijua kabisa kwamba Mama alikunja uso, akasema dawa inamchosha, na yeye akamwonea huruma, akamwacha, halafu akaenda jikoni kutia saini.

"Umemuua mama yetu kwa upole wako," nilimwambia. "Unasikia? Kwa upole!"

Nikamtupia kifuani ile foronya pamoja na vyote vilivyokuwa bado ndani yake, nikatoka, nikaubamiza mlango.

Na sikuishia ndani ya nyumba. Nilimwambia mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, naye akala kiapo kwamba mguu wa mdogo wangu hautakanyaga tena kwake. Nilimwambia mwenye duka ng'ambo ya barabara, na ukishamwambia mwenye duka huhitaji kumwambia mtu mwingine. Watu walianza kupeleka viatu vyao mtaa wa pili. Mdogo wangu hakujitetea kwa mtu hata mmoja. Nilisema, unaona, mwenye hatia huyo. Tangu siku ile sikumwambia neno. Tuliishi nyumba moja, tukala chungu kimoja, miezi minane, na sauti yangu hakuisikia isipokuwa nilipokuwa nazungumza na sungura.

Sungura walikuwa wa Mama. Wawili, na wote aliwapa majina ya utani yeye mwenyewe. Dume lina alama nyeusi nyuma ya sikio kama penseli iliyochomekwa, basi likaitwa Karani. Jike hukaa katikati ya mlango akamtazama kila anayeingia na haridhiki na yeyote, basi akaitwa Mama Mkwe. Walizoea kuzunguka miguuni mwa Mama akiwa anachambua mboga uani, naye akiwaangushia majani kana kwamba yamemponyoka. Alipoondoka, hatukuulizana nani atawatunza. Mimi nilisafisha banda asubuhi, yeye aliwapa nyasi jioni, kila mtu kimya na kwa saa zake.

Halafu siku moja nikasafisha banda, nikaona kinyesi kimechanganyika na minyoo myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea. Nilimshika Karani mgongoni nikahisi mifupa yote. Nilikasirika kama vile ametukana. Sungura wa Mama, afe kwa minyoo, nyumbani kwa muuguzi!

Daktari wa mifugo alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. Alinipa dawa nyeupe, nzito kama uji, na bomba la sindano lisilo na sindano. Kipimo kidogo tu, mara moja kwa siku, siku tisa mfululizo, na ukiruka siku unaanza upya. Banda lioshwe kwa maji ya moto kila siku. Usimlaze sungura chali, usimbane kiuno kwa sababu akipiga teke vibaya anavunja mgongo wake mwenyewe. Na aangaliwe kula, kwa kuwa sungura asipokula siku nzima tumbo linasimama, na likishasimama kulianzisha tena ni kazi.

"Na hakikisha wamemeza," alimalizia.

"Binti yangu," nilimwambia, "mimi nimemezesha dawa kabla hujazaliwa."

Jioni ya kwanza nilijaribu peke yangu. Sitaki kueleza sana. Mama Mkwe alinichana kuanzia kiganja hadi kiwiko, akapita chini ya meza, akapita chini ya jiko, akaniacha nimepiga magoti na bomba mkononi na dawa kwenye nywele. Mkono mmoja hautoshi kumshika na miwili haitoshi kumshika na kumpa. Na mwenye mikono mingine miwili alikuwa amesimama mlangoni, anatazama, hathubutu kucheka.

"Karani," nikasema kwa sauti, "hebu mwambie mwenye saini nyingi aje awashike."

"Sawa, dada," akajibu mdogo wangu.

Hiyo "sawa, dada" yake ilinipandisha mori kuliko mikwaruzo. Lakini aliketi, akatandaza taulo mapajani, akamfunga Mama Mkwe kama mtoto mchanga, akambana kidogo kati ya magoti anavyobana kiatu. Mnyama akatulia. Nikaingiza ncha ya bomba ubavuni mwa mdomo, pale kwenye nafasi nyuma ya meno ya mbele. Mama Mkwe aliling'ata bomba, akatikisa kichwa, akameza kwa chuki, na alipoachiwa alipiga mguu sakafuni kwa nguvu hadi vikombe vikalia kabatini.

Karani alikuwa tofauti. Alikubali. Aliipokea dawa, akafumba mdomo, akakaa na masikio yamelala.

"Huyu ana adabu," nilimwambia Mama Mkwe, ili mdogo wangu asikie. "Si kama watu."

Nikachora chati mpya nikaibandika palepale ilipokuwa ile ya zamani. Tuliendelea hivyo jioni ya pili na ya tatu. Siku ya nne mama mdogo akazidiwa na magoti, nikaitwa, nikalala kwake siku mbili. Niliondoka roho juu. Nilisimama mbele ya banda nikasema, "Mama Mkwe, kuna mtu atabaki na bomba. Mwambie safari hii nitajua." Niliporudi, chati ilikuwa na saini mbili zenye ule mwandiko wa polepole.

Jioni ya sita alishika, nikatoa dawa, wala sikuangalia sana. Siku ya saba asubuhi Mama Mkwe alikuwa ameanza kuwa mzito, anakimbia, anasukuma bakuli. Karani alikuwa kwenye kona. Majani ya jana yalikuwa mbele yake hayajaguswa. Nilimnyanyua nikahisi nimenyanyua taulo tupu, na kinyesi chake bado kilikuwa na ule uzi.

Nilikaa na hasira ile kutwa nzima. Nilifua nayo, nikaosha banda nayo. Saa kumi na mbili jioni mdogo wangu alipofunga kibanda na kuingia uani, nilimkuta katikati ya njia na, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, nikamtazama usoni na kumwambia yeye.

"Umefanya tena."

Alishtuka hata akaangusha funguo. "Nimefanya nini, dada?"

"Siku mbili nimeondoka. Siku mbili tu! Alikukunjia uso ukamwonea huruma, ukaenda ukasaini."

"Nilimpa."

"Usiniambie nilimpa! Hilo neno lako nalijua. Kaa hapo. Mshike. Nikuonyeshe dawa inavyotolewa, maana inaelekea utakufa hujui."

Alikaa. Alimfunga Karani kwenye taulo, na mnyama hakusumbua hata kidogo. Nikaingiza bomba, nikasukuma taratibu kama miaka yote, Karani akafumba mdomo kwa adabu yake.

"Umeona?" nilisema. "Ni kazi gani hapo? Ni kazi gani inayomshinda mtu mzima?" Siku nyingine zote tukishampa tulimrudisha bandani papo hapo. Siku hiyo hapana, kwa sababu nilikuwa sijamaliza. Nilisimama juu ya kichwa cha mdogo wangu na bomba mkononi nikamtolea yote niliyokuwa nimeyaweka miezi minane. Kwamba Mama alimzaa akampenda kuliko mimi, na malipo yake ndiyo yale. Kwamba yeye ni mwoga, na anauita woga wake upole. Kwamba nikimwona anashona viatu vya watu kwa uangalifu ule natamani kulia, kwa sababu mama yake hakumpa hata nusu ya uangalifu huo. Povu lilinitoka. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anamtazama Karani.

"Dada," akasema.

"Usinikatize!"

"Dada, angalia."

Karani alikuwa ameshusha kidevu kwenye taulo. Mdomo wake uliachia kidogo, na dawa ikatoka pembeni, nyeupe, polepole, yote, ikaingia kwenye taulo. Kisha akajipangusa kwa mguu wa mbele, akatulia tena na masikio yake yamelala.

Niliweka bomba mezani. Nikamwinua kidevu. Manyoya ya chini yalikuwa yamegandamana, magumu, tabaka juu ya tabaka. Halikuwa ganda la siku mbili. Hata jioni ya kwanza ilikuwa pale, na ya pili, na ya tatu, zile ambazo nilimpa mimi na kusaini mimi. Na mimi, mwenye miaka yangu thelathini na mmoja, sikuwa nimeinua kidevu cha sungura kuangalia.

"Mpe tena," alisema mdogo wangu. "Hajala tangu jana."

Tulimpa tena. Safari hii tone kwa tone, na kila tone nilingoja mpaka nione koo limepanda na kushuka, kisha nikafunua mdomo kwa kidole nikatazama ndani. Ilichukua muda mrefu. Tukasaga majani kwa maji tukampa kwa bomba vilevile. Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe, kwa sababu kichwa changu hakikuwa pale. Kilikuwa chumbani kwa Mama.

Wodini nilikuwa simwachi mgonjwa. Majitu mazima yenye ndevu, nilikuwa nayaambia, fungua mdomo, inua ulimi, geuza shavu. Ndipo nilipotia saini. Mama sikumwambia hata siku moja. Ningeanzaje? Mama yangu, aliyenifundisha kula kwa kijiko, nimwambie ainue ulimi nikague? Nilimpa kidonge, nikampa maji, akasema, "Asante, mwanangu," nikamgeuzia mgongo kwenda kusaini. Na mdogo wangu nilimfundisha kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

"Alikuwa anaficha," nilisema. "Mama. Ulimpa kweli, naye alikuwa anaficha shavuni."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Kabla, hapana. Nilijua siku ile. Ulipotoka nilibaki naviokota." Alikuwa anamfuta Karani kidevu kwa kona ya taulo, hakuniangalia. "Vilikuwa vyeupe na vya njano, dada. Vya njano ndivyo vilikuwa vingi."

Vya njano vilikuwa vya asubuhi. Vya asubuhi vilikuwa vyangu.

Mtu angedhani nililia. Sikulia. Nilikasirika, na sijawahi kukasirika vile maishani. Nilimkasirikia Mama kwa kila "asante, mwanangu" aliyoniambia na kidonge kimelala shavuni. Aliwahi kuniambia vinampa kizunguzungu, hawezi kuinama kuwapa sungura majani, nami nikamjibu kwamba dawa si peremende. Baada ya hapo hakulalamika tena, nikajisifu kwamba nimemweka sawa. Nilijikasirikia mimi mwenyewe. Lakini aliyekuwa mbele yangu ni yeye, kwa hiyo nilimgeukia yeye.

"Miezi minane! Miezi minane nimekupaka matope kwa kila mtu, mama mdogo kakufungia mlango, wateja wamekukimbia, na wewe una jibu mfukoni umekaa kimya? Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa hulali," alisema. "Nilikuwa nakusikia jikoni unazungumza peke yako. Halafu wewe ndiye muuguzi." Akafikiri kidogo. "Mimi wakisema nimekosea, watu wanaona ni kawaida. Wewe hatia hiyo usingeweza kuibeba."

"Nani alikuomba unibebee? Nani?"

"Hakuna."

"Basi!"

"Basi, dada," akasema, akamrudisha Karani bandani.

Nilifuta chati yote nikaanza upya na siku ya kwanza. Alfajiri nilimkuta Karani ameuma jani moja la karoti, kipande kidogo tu, lakini ameuma. Nilisimama pale nimeshika ukingo wa banda, na sikupata nafuu yoyote. Sungura nilikuwa nimejua namna ya kumtibu. Hilo jingine nililitangaza mwenyewe kwa mdomo wangu, nyumba hadi nyumba, na lilikuwa bado linatembea huko nje.

Nilikwenda kwa mama mdogo kwanza. Alinisikiliza, akasema tuyaache, yamepita. Nilimwambia hayajapita, na kama ana kiapo cha kumfungia mtu mlango, anifungie mimi. Nilirudi kwa miguu, na kila hatua hasira ilizidi. Nilipofika mbele ya nyumba sikuingia ndani. Kibandani kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi, na mwenye duka alikuwa mlangoni kwake ng'ambo, ameshika ufagio. Nikasimama mahali ambapo wote wangenisikia, nikaita kama nilivyokuwa naita wodini.

"Nilisema kwamba huyu alimnyima Mama dawa. Nilisema uongo. Vidonge vyangu vya asubuhi ndivyo vilikuwa vingi kwenye ile foronya. Mimi ndiye niliyempa bila kuangalia. Yeye alijua, akaninyamazia. Atakayesema tena neno juu yake, aje aniseme mimi."

Wateja walitazama miguu yao isiyo na viatu. Mwenye duka alisahau kufagia. Mdogo wangu hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia kiatu kati ya magoti, anashona.

"Nitukane," nilimwambia. "Mbele yao. Neno lolote."

Alishona tundu moja, akashona la pili.

"Dada," akasema, "umenizibia mwanga."

Nilisogea. Mwanga ulipomfikia niliona sindano yake inaingia kwenye soli na kutoka, inaingia na kutoka, na haikuwa na uzi.